Bamba moja, skrubu saba: maoni ya seremala baada ya miezi 26

Kwa kawaida nikisifu skrubu au nikiiponda, huwa nimeishika mkononi. Hizi saba sijawahi kuzishika. Naziona kwenye picha za eksirei tu, nyeupe kama chaki, na moja kati yake naipapasa kwa kidole gumba juu ya ngozi kila ninapovaa kiatu. Ziko kwenye kifundo cha mguu wangu wa kulia, upande wa nje, pamoja na bamba la urefu wa sentimita 8 hivi ambalo unene wake haupiti sana milimita 1. Nimeishi nazo miezi 26. Kitasa cha mlango mtu hukitolea maoni baada ya wiki moja, kwa hiyo nadhani zamu yangu imefika.

Ajali yenyewe haina hadithi. Tulikuwa tunashusha mlango kwenye ngazi, mimi mbele nikirudi kinyumenyume, nikakosa kidaraja cha mwisho. Mguu ukapinduka, mlango ukaja juu yangu. Mfupa mwembamba wa pembeni ulikatika mshazari, na kano zinazoufunga na mfupa mkubwa wa muundi zikachanika. Mlango haukupata hata mkwaruzo.

Siku ya upasuaji nilichomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuwa na habari, lakini masikio yalikuwa kazini. Nyuma ya pazia nikasikia drili. Mtu aliyetoboa mbao miaka mingi hawezi kukosea mlio ule: mzito ncha inapokula ganda la kwanza, mwepesi inapopita katikati, mzito tena kwenye ganda la pili, halafu ule mruko mdogo inapotokeza upande wa pili. Nikauliza, bila hata kufikiri, "Daktari, mnatoboa kwa milimita ngapi?" Pakawa kimya. Kisha sauti ikajibu, "Mbili na nusu. Skrubu ni ya tatu na nusu. Wewe ni fundi?" Nikamwambia ni seremala. Akacheka, na tangu hapo kila walichofanya akawa ananitangazia.

Ndivyo nilivyojua kwamba mtu wa pembeni alikuwa akimwagia maji pale wanapotoboa, kwa sababu joto la drili likizidi, mfupa unaozunguka tundu hufa, na skrubu iliyokaa kwenye mfupa uliokufa hulegea. Nikajua pia kwamba hawakutumia skrubu za aina moja. Juu, kwenye mfupa mgumu, waliweka zenye meno ya karibukaribu. Chini, karibu na kiungo, ambako mfupa ni laini ndani kama sponji, waliweka zenye meno mapana yaliyoachana. Nililala pale nikiwa nimeridhika kabisa. Mbao ngumu na mbao laini nazo hazili skrubu moja, na fundi asiyejua hilo simwachii hata kigoda.

Sasa jambo ambalo watu wengi wenye vyuma hawalielewi, na mimi pia sikulielewa mpaka mwezi wa tatu. Bamba halikuwekwa ili libebe mwili wako. Bamba ni jiliwa, lile la kubania mbao mbili zilizopakwa gundi. Gundi ni mfupa wenyewe, na huchukua wiki kadhaa kushika. Ndiyo maana mtu anaambiwa asikanyage, ingawa picha inaonyesha chuma kizima kimenyooka. Kuna mashindano pale ndani: mfupa uunge kwanza, au chuma kichoke kwanza. Chuma chembamba kikipindwa kidogo kila hatua, siku moja kitakatika, kama waya unaouchezesha kwa vidole. Mfupa ukiunga mapema, kazi ya chuma imekwisha. Niliambiwa wiki 6 bila kukanyaga, nikakaa wiki 6 bila kukanyaga. Kuhusu magongo sina la kusema zaidi ya kwamba mpini wake umechongwa na mtu ambaye hajawahi kuyatumia.

Maisha ya kila siku, basi.

Chuma chenyewe hukisikii. Sikuamini nilipoambiwa, nilidhani nitatembea nikihisi kitu kinagonga ndani. Hakuna. Ninachosikia ni mahali kinapokutana na dunia ya nje. Kwenye kifundo, upande wa nje, ngozi iko juu ya mfupa moja kwa moja, hakuna nyama ya kuficha. Kichwa cha skrubu ya pili kutoka chini kimeinuka kidogo, na ukingo wa kiatu cha kazi unakipiga hapohapo. Wiki ya kwanza kurudi karakana nilitoka na wekundu wa ukubwa wa sarafu. Nilikata sponji ya kupakia viti, nikaitoboa katikati kama pete, nikaivaa ndani ya soksi ili uzito ukae kando ya skrubu, usikae juu yake. Ile pete imenisaidia kuliko mafuta yote niliyoshauriwa kupaka.

Kukaa sakafuni kwa kukunja miguu ndilo tatizo kubwa zaidi, na hakuna aliyenitajia. Jaribu uone: ukikunja miguu hivyo, kinachogusa sakafu ni upande wa nje wa kifundo, palepale lilipo bamba. Kazi ya kufunga mbao za chini ya kuta hunikalisha hivyo nusu ya siku. Sasa natembea na kipande cha zulia. Usiku vilevile, nikilala ubavu wa kulia natafuta mto mdogo wa kuweka chini ya muundi ili kifundo kining'inie. Mke wangu anasema nimekuwa na mito mingi kuliko mtoto mchanga.

Baridi. Ndiyo, nasikia baridi. Asubuhi za baridi kuna maumivu mazito, si makali, kama jino linalofikiria kuuma. Yanakwisha nikitembea robo saa. Wengine wenye vyuma wanasema hivyohivyo, na wengine waliovunjika bila kuwekewa chuma chochote nao wanasema hivyohivyo, kwa hiyo bamba silihukumu kwa hili. Vivyo hivyo ugumu wa kiungo: siwezi kuchuchumaa nikiwa nimebandika kisigino chini kama zamani. Hilo ni deni la kano zilizochanika na wiki nyingi za kukaa bila kukunja mguu, si la chuma. Nilipunguza sehemu kubwa ya deni hilo kwa mazoezi ya fizio, ambayo ni ya kuchosha kiasi cha kutukana. Na lile eneo la ganzi juu ya unyayo, ambako nikijigusa nahisi kama nagusa kupitia kitambaa, ni neva ndogo ya ngozi iliyosumbuliwa wakati wa kupasua. Limepungua, halijaisha.

Kuhusu sumaku. Chuma changu ni kile kisichoshika kutu, si titani. Nilipopata nguvu nilichukua ile sumaku ninayookotea misumari iliyomwagika, nikaiweka juu ya kovu. Haikushika hata kidogo. Nilivunjika moyo kwa kweli, nilikuwa nimewaahidi watoto maonyesho. Chuma cha namna hii huchanganywa na kromu na nikeli, na mchanganyiko huo haushikwi na sumaku ya kawaida. Mwaka jana nilifanyiwa kipimo cha mgongo kwenye ile mashine kubwa ya sumaku. Niliwaeleza mapema nina nini na kiko wapi, wakaniruhusu. Wangekuwa wanapiga picha ya kifundo, sehemu iliyo karibu na chuma ingetoka na kivuli. Tafadhali usijipime kwa sumaku yako ukadhani ndiyo ruhusa. Waambie, wao ndio wanaojua mashine yao. Wenye mzio wa nikeli, wale ambao hereni au saa ya bei rahisi huwatoa vipele, wamwambie daktari kabla ya upasuaji, kwa sababu hapo titani huwa chaguo bora.

Kwenye milango ya ukaguzi nimepita mara nne. Mara tatu kimya. Mara ya nne walipitisha kile kifimbo mguuni kikalia, nikavuta suruali nikaonyesha kovu, yakaisha. Picha ya eksirei niliyoibeba kwa heshima zote hakuna aliyetaka kuiona.

Naja kwenye lawama. Ile skrubu ya saba ni ndefu kuliko zote, inatoka mfupa mwembamba na kuingia mfupa mkubwa, ili mifupa hiyo miwili ikae pamoja wakati kano zinapona. Mwezi wa nane, kwenye picha ya kawaida ya kufuatilia, nikaona mstari mweusi katikati yake. Imekatika. Sikusikia mlio, sikusikia maumivu. Daktari aliitazama kama mtu anavyotazama mvua, akasema, "Ni kawaida." Kawaida! Mimi skrubu yangu ikikatika kwenye kabati la mteja, nalirudia kabati. Nilimwambia hivyo. Basi akanieleza: mifupa ile miwili haikuumbwa ikakazwa, kila hatua huachana na kukaribiana kidogo. Mguu ukianza kubeba mwili, skrubu iliyoishika pamoja ama italegea, ama itakatika, ama itatolewa mapema. Kano zikiwa zimeshapona, kukatika kwake kunarudisha mchezo wa asili wa kiungo, na isipouma inaachwa ilivyo. Maelezo yaliniingia akilini. Kilichoniudhi ni kuyapata baada ya tukio. Dakika mbili kabla ya kutoka hospitali zingetosha kuniambia, nami nisingekesha usiku ule nikisikiliza mguu.

Lawama ya pili ni ya karatasi. Niliomba maandishi yanayoeleza nimewekewa nini: chuma gani, cha kampuni gani, skrubu zina kichwa cha namna gani. Nilizungushwa mara tatu ndipo nikapewa. Unaweza kuona ni udadisi wa seremala, lakini fikiria. Siku ikihitajika kuzitoa, pengine kwa daktari mwingine, mji mwingine, miaka 10 baadaye, atahitaji bisibisi inayoingia kwenye vichwa vile vile. Zangu zina tundu la pembe sita. Nyingine zina umbo la nyota. Bisibisi isiyo yake hula kichwa, na skrubu iliyolika kichwa ndani ya mfupa ni balaa kuliko ndani ya mninga. Ombeni hiyo karatasi kabla hamjatoka wodini, mwipige picha.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni kama nitavitoa vyuma hivi. Jiliwa kwa desturi huondolewa gundi ikikauka. Nimesoma kwamba hata mwanzo wa kazi hii ilikuwa hivyo: Carl Hansmann, daktari wa Hamburg, mwaka 1886 aliandika kuhusu mabamba yake ambayo ncha yake, pamoja na mikia ya skrubu, aliziacha zimetokeza nje ya ngozi makusudi, ili wiki kadhaa baadaye azitoe bila kupasua tena. Nilipoona mchoro wake nilitazama kifundo changu kwa shukrani mpya.

Siku hizi kwa mtu mzima bamba mara nyingi huachwa, kama halisumbui. Sababu ni matundu. Ukitoa skrubu saba unabaki na mfupa wenye matundu, na kila tundu ni mahali pa kuanzia ufa. Mfupa hujaza matundu hayo wenyewe, bila unga wa mbao na gundi, ila huchukua wiki na miezi, na muda huo usiruke wala kucheza mpira. Tena kutoa si rahisi kama wengi wanavyodhani. Mwenzangu wa karakana alikuwa na bamba la titani begani, lenye skrubu ambazo vichwa vyake vina meno yanayojifunga kwenye bamba. Alikwenda kutoa asubuhi akidhani atarudi kula mchana. Skrubu mbili zilikuwa zimeng'ang'ana na bamba, ikabidi kichwa kimoja kitobolewe chote. Alirudi siku ya pili, na kipande kimoja kimebaki humo.

Pia lipo ambalo si la kungoja. Sehemu ikiwa nyekundu na ya moto, kovu likitoa usaha, au maumivu mapya yakianza mahali palipokuwa pametulia, hata iwe mwaka wa tano, nenda ukaonwe siku hiyohiyo. Vijidudu hupenda kujificha juu ya chuma, na dawa hazivifikii vizuri vikiwa pale.

Bamba nalipa nyota tano, lilishika lilichopewa mpaka mfupa ukaunga, na mstari wa mvunjiko siuoni tena kwenye picha. Skrubu sita, nyota nne, kwa sababu ya ile ya pili kutoka chini ambayo kichwa chake kingeweza kuzamishwa kidogo zaidi. Ya saba siijui niipe nini. Maelezo niliyopewa kabla ya kutoka wodini, nyota moja, nayo ni ya yule aliyenitangazia kutoka nyuma ya pazia.

Nimekubaliana na daktari kwamba tunaviacha kwa sasa, na kama kiatu kitaendelea kunisumbua mwaka ujao, tutatoa vyote kwa mkupuo mmoja isipokuwa nusu ya ile iliyokatika, ambayo imezama kwenye mfupa mkubwa na haina ugomvi na mtu. Nimemwomba zitakazotoka anipe. Benchini kwangu kuna kopo tupu nimelitengea nafasi, kati ya skrubu za bawaba na zile za droo.