Kunasa tone la maji hewani: nunua flashi kabla ya kamera

Anayetaka picha ya puto likipasuka huanza kwa kuuliza bei ya kamera. Ulizia flashi kwanza. Harold Edgerton wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alinasa taji la tone la maziwa mwaka 1957 kwa mwanga uliowaka na kuzimika upesi mno.

Namba moja kwangu, basi, ni flashi ya kawaida ya kupachika juu ya kamera, hata ya mtumba. Tone likidondoka nusu mita hufika chini kwa kasi ya kama mita 3 kwa sekunde. Ndani ya 1/1000 ya sekunde limeshasogea milimita 3, na picha imetoka na mkia. Flashi kama Godox TT600 ikiwekwa 1/128 ya nguvu zake huwaka kwa takriban 1/20000 ya sekunde. Tone halijasogea hata robo milimita. Ndiyo, unavyopunguza nguvu ndivyo inavyogandisha, kwa hiyo usilipie ukubwa. Hakikisha nguvu yake inarekebishwa kwa mkono. Mbele ya muuzaji fungua kifuniko cha betri: ukiona unga mweupe au kutu, mrudishie.

Chumba kiwe giza, kamera kwenye stendi, shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) wazi sekunde 2, kisha toboa puto. Hapo utahitaji kifyatuzi cha sauti, yaani kifaa kinachowasha flashi kikisikia mlio, nacho ni namba mbili. Kila sentimita 34 unazokisogeza mbali na puto zinachelewesha mwanga kwa milisekunde 1. Hivyo ndivyo unavyochagua hatua ya mpasuko. Kwa matone ya maji kisikusumbue, piga tu mara mia.

Namba tatu ni simu inayorekodi video ya fremu (picha) 240 kwa sekunde. Mbwa akijikung'uta maji inatosha. Puto, hapana: fremu hadi fremu ni milisekunde 4, utaliona zima halafu utaona vipande. Rekodi juani, maana taa za umeme wetu wa hezi 50 zitapepesa kwenye video. Simu ikitangazwa kuwa na 960, uliza ni fremu halisi au programu inajazia katikati. Nyingine hurekodi chini ya sekunde moja tu.

Kamera za maabara, kama Phantom, zina bei ya gari. Ukipata kazi ya kulipwa, kodisha.