Boksi la sabufa inchi 12 lenye poti ubavuni: besi ipo, shida ni utaliweka vipi

Hili boksi la sabufa (spika ya sauti nzito) nimelitumia kwenye gari muda wa kutosha sasa naweza kulisemea. Ni yale ya kununua yakiwa tayari, spika moja ya inchi 12 ishafungwa ndani, mbao ni MDF (ya unga wa miti ulioshindiliwa) ya mm 18, nje kapeti jeusi, halafu lina poti, yaani lile tundu refu la kupitishia hewa, na hapo ndo stori yote ilipo maana poti wameitoa ubavuni, mwisho kabisa wa boksi mkono wa kulia, wala sio upande ule ule wa spika kama maboksi mengi. Karatasi yake inasema limetyuniwa 35 Hz (mitetemo 35 kwa sekunde, ndipo poti inaposaidia zaidi) na linabeba wati 300 za RMS, yaani nguvu ya muda wote. Ile 1200 iliyochapwa kwa maandishi makubwa kwenye katoni ipotezee, hiyo ni ya kuuzia.

Besi ipo, tena ya kutosha, wala sio ile ya kupiga pua tu. Boksi la poti kwa wati zile zile linatoa mzigo zaidi ya lililozibwa ukiwa karibu na masafa liliyotyuniwa, na hili halidanganyi kwenye hilo. Ila yote hiyo utaisikia ukiliweka sawa, ukilitupia tu kwenye buti linavyoingia utaenda kulisema vibaya bure.

Maelekezo yao yana kamchoro kamoja tu, boksi limegusa siti za nyuma na spika inaangalia mbele. Kwenye hachibaki yangu (gari ambalo buti na kabini ni chumba kimoja) mkao huo ndo mbovu kuliko yote. Besi inasikika lakini kuna noti za gitaa la besi zinapotea kabisa, zingine zinaruka, unabaki unaongeza geini (kipimo cha nguvu kwenye ampu, yaani kikuza sauti) bila faida. Sababu yake ni hesabu tu: sauti ya chini haiendi mbele peke yake, inasambaa kila upande, kwa hiyo ingine inaenda kugonga mlango wa nyuma na kurudi. Kama toka kwenye spika hadi mlango ni mita 1, ile inayorudi imetembea mita 2 zaidi, na mita 2 ni nusu ya wimbi la 86 Hz, kwa hiyo zinakutana moja inasukuma na ingine inavuta, zinauana. Sasa wengi tunakata LPF (kichujio kinachoipa sabufa sauti za chini tu) kwenye 80 Hz, shimo hilo la sauti linaangukia pale pale sabufa inapokabidhiana na spika za milangoni.

Geuza spika iangalie nyuma, sogeza boksi hadi uso wake ubaki kama sm 20 toka mlangoni, uone mambo. Lile shimo halijafa ila limehamia huko 430 Hz, ambako sabufa haina kazi. Noti zikarudi zote, na sikugusa kitu kingine chochote kwenye ampu. Kuna watu watakwambia eti sauti inaelekea nje, sio kweli, wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8 na ushee, kwake gari zima ni kachumba kadogo, halijali koni (ule uso wa spika unaocheza) inaangalia wapi, linajali umbali na kuta.

Kuangalia juu nako nilijaribu. Sauti sio mbaya, ila boksi linakula nafasi yote ya mzigo halafu koni inabaki wazi kudondokewa na kila kitu, na hawa jamaa hawakuweka hata wavu wa kuikinga spika, jambo ambalo kwa kitu cha kukaa kwenye buti sijalielewa kabisa. Wavu nunua mwenyewe.

Haya, poti. Ukiligeuza boksi liangalie nyuma, tundu la ubavuni linaenda kukaa karibu na ile plastiki ya juu ya tairi, na buti nyingi ndo zinapobana hapo. Mdomo wa poti hii una upana wa sm 5, na hewa inayotoka humo ni nyingi, kwa hiyo iachie angalau nafasi sawa na huo upana wake, ikifika sm 10 ndo vizuri zaidi. Ukiibana, ni kama umeirefusha poti, tyuni inashuka, na ukipandisha sauti unaanza kusikia fyuu fyuu za upepo juu ya mziki. Ukiiziba kabisa kwa begi au blanketi hapo tena sio boksi la poti, ni boksi lililozibwa vibaya.

Dawa niliyoipenda: lipindue boksi juu chini. Spika bado inaangalia nyuma lakini poti imehamia upande wa pili, ambao kwangu una nafasi maana hauna ile nundu ya plastiki. Nembo katikati ya koni inasomeka kichwa chini, lakini nani analala kwenye buti aisome. Hii inakubali kwa boksi la mraba, kama lako lina mgongo wa mshazari halitatulia.

Kingine cha poti ambacho karatasi yao haikisemi ni kwamba chini ya 35 Hz hewa ya ndani haiishiki tena koni, inabaki inachezacheza ovyo huku sauti haitoki, na hapo ndo spika zinapokufa. Washa SUBSONIC ya ampu (kichujio kinachokata sauti za chini mno), iweke kama 30 Hz hivi. Ampu isiyo na hiyo kitu usiifunge na boksi hili.

Ukitaka kujua umelipatia usisimame nyuma ya gari mlango wazi, pale unadanganyika. Kaa siti ya dereva, funga milango na vioo vyote, piga toni inayopanda taratibu toka 30 hadi 80 Hz kwa sauti ya wastani, sikiliza inapozama ghafla. Sogeza boksi kidogo, rudia. Halafu cheza na ile swichi ya fezi ya ampu (inageuza koni, pale ilipokuwa inasukuma ivute), 0 na 180, chagua inayojaza zaidi pale karibu na 80, usiende kwa mazoea kwamba 0 ndo sahihi. Na utagundua namba ya gari inapiga kelele kuliko sabufa yenyewe, ibandike sponji kwa nyuma.

Sehemu za kufungia waya ni za kubana kwa springi, uchovu mtupu, waya mnene hauingii. Na hakuna sehemu yoyote ya kulifungia boksi, wakati kizito namna hii ukishika breki ghafla kinakuja kukusalimia kichwani. Mi nimepitisha mikanda miwili kwenye zile pete za mizigo za sakafuni, na imesaidia pia boksi lisitambae likaenda kubana mlango.

Mimi nalipatia nyota 4 kati ya 5 kwa hachibaki au wagoni yenye buti pana. Mwenye gari la buti lililotengwa na kabini, lenye chuma nyuma ya siti, afikirie mara mbili, pale mkao mzuri mara nyingi ni kuelekeza spika na poti zote ndani ya kabini na kuziba pembeni kwa sponji ili besi isibaki inazunguka kwenye buti, na kwa poti iliyotokea ubavuni hiyo haiwezekani. Tafuta lenye poti mbele.