Huduma ya tiba kwenye michezo ya theluji: tathmini ya mtu wa machela wa Kirumba

Hapa Mwanza barafu ni ya sangara. Kila Jumamosi yenye mechi hupitia Mwaloni asubuhi, nikanunua mapande mawili matatu kwa wauza samaki, nikayatia kwenye ndoo pamoja na chumvi kidogo, na hiyo ndiyo baridi yote niliyowahi kuishika kwa mikono yangu. Siku za kazi mimi ni muuguzi. Mwisho wa wiki timu ya mtaani huniita daktari, cheo ambacho sina na nimechoka kukikanusha. Huduma ninayoitathmini leo sijawahi kutibiwa nayo, na Tanzania haijawahi kupeleka mwanamichezo wa kuitumia kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Hata hivyo nimeifuatilia kwa miaka kadhaa, kwenye televisheni na katika ripoti za madaktari wanaoisimamia, kwa kuwa sijaona huduma nyingine ya uwanjani inayofanyika mahali pagumu kiasi hicho: mlimani, kwenye mteremko wa barafu, mgonjwa akiwa ameanguka kwa mwendo unaozidi kilomita mia moja kwa saa.

Nianze na jambo ambalo watangazaji hulitaja kwa nadra, nalo ndilo bora kuliko yote. Kanuni za FIS, yaani Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, michezo ya kuteleza kwenye theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni, zinamtaka daktari mkuu wa mashindano amthibitishie mkurugenzi wa mbio, kabla mtu wa kwanza hajaruhusiwa kuteremka, kwamba mipango ya uokoaji iko tayari. Likitokea jambo la kuizuia mipango hiyo isitumike, mbio haziendelei mpaka mpango wa akiba uwe umekaa mahali pake. Kwa hiyo helikopta ikiondoka na majeruhi, au ukungu ukashuka isiweze kuruka, waliobaki juu wanasubiri, na watazamaji wanasubiri nao. Tena mtu akianguka njiani na mwenzake ameshaachiwa nyuma yake, huyo wa nyuma hupungiwa bendera ya njano naye analazimika kusimama, kisha hupewa nafasi ya kuteremka upya. Hakuna anayeambiwa apite pembeni ya majeruhi.

Sisi tuliokulia kando ya ziwa tungepaswa kulielewa hili bila kufundishwa, maana hakuna mzee anayewaachia vijana washindane kwa mitumbwi ilhali ufukweni hakuna chombo cha kuwafuata. Lakini kwenye mpira tunasahau. Mwaka jana, kwenye uwanja ambao sitautaja, wachezaji wawili waligongana vichwa na mmoja akazimia. Wenzake walimbeba mikono na miguu, kichwa kikining'inia, wakampakia kwenye bajaji nami nikimshikilia shingo kwa viganja. Bajaji haijatoka getini, filimbi ikapulizwa na mchezo ukaendelea bila machela, bila gari, na bila mimi.

Sasa tazama Bormio, Italia, tarehe 27 Desemba 2024. Mfaransa Cyprien Sarrazin alianguka vibaya kwenye mteremko wa Stelvio, katika mazoezi rasmi ya kabla ya mashindano. Aliondolewa mlimani kwa helikopta, na siku hiyohiyo akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya Niguarda mjini Milano, kuondoa damu iliyokuwa imevujia chini ya utando wa ubongo. Damu ya namna hiyo haina subira: fuvu halitanuki, hivyo kila inavyoongezeka ndivyo ubongo unavyobanwa. Kutoka milima ile hadi Milano ni mwendo wa saa kadhaa kwa barabara. Sarrazin yu hai. Sifa ninayoitoa hapa si ya helikopta pekee, maana chombo hata tajiri mmoja anaweza kukinunua; ninasifu kwamba watu wa mlimani, rubani na madaktari wa mjini walikuwa wameshapangwa katika mnyororo mmoja kabla yeye hajafunga viatu vyake.

Mnyororo huohuo ulionekana Wengen, Uswisi, Januari 2024, Mnorwe Aleksander Aamodt Kilde alipogonga wavu wa usalama, bega likateguka na ncha ya skii yake mwenyewe ikamchana vibaya msuli wa nyuma ya mguu. Ukingo wa skii ni kisu hasa. Na hapa baridi inaingia kama adui wa pili, kwa kuwa mwili ukipoa damu huganda kwa shida, hivyo majeruhi anayevuja damu juu ya theluji huhitaji kufunikwa na kupashwa joto kwa haraka ileile inayohitajika kumfunga kidonda. Nimewahi kumcheka muuguzi mwenzangu aliyebeba blanketi uwanjani mwezi wa Februari. Namwomba radhi.

Mbali na mteremko kuna polikliniki ndani ya kijiji cha wanamichezo, na hii ni sehemu isiyo na mbwembwe ambayo huenda ndiyo inayohudumia watu wengi zaidi. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, Canada, mwaka 2010 kulikuwa na polikliniki mbili, moja mjini na nyingine Whistler kwenye milima. Humo mtu hupata vipimo vya picha, dawa, tiba ya viungo, hata daktari wa meno. Katika michezo ile, miongoni mwa wanamichezo 2,567 waliofuatiliwa, yaliandikwa majeraha 287 na maradhi 185, na mengi ya maradhi hayo yalikuwa ya njia ya hewa. Kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018, virusi vya noro, vile vya kutapisha na kuharisha, viliwapata walinzi kwanza, wakaondolewa kazini kwa mamia na askari wakaletwa kushika nafasi zao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya tiba kwenye michezo hiyo mikubwa ni mafua, matumbo na kunawa mikono, kama ilivyo kwenye zahanati yoyote ya Igoma au Buhongwa. Nchi kubwa huja na madaktari wake na mashine zake. Polikliniki inamfaa hasa anayekuja na kocha mmoja tu, mtu wa aina ya Philip Boit wa Kenya, aliyekimbia kwa skii kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akamaliza wa mwisho na kukumbatiwa na bingwa aliyemsubiri mwishoni.

Duka la dawa nalo lina hadithi yake. Mwaka 2002, kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, Mwingereza Alain Baxter alishika nafasi ya tatu, kisha akanyang'anywa medali. Pua ilikuwa imeziba, akanunua mwenyewe Vicks ya kunusa dukani Marekani, asijue kwamba ile ya huko ilikuwa na kiambato kilichopigwa marufuku ambacho ya nyumbani kwao haikuwa nacho. Waamuzi wa rufaa yake walikubali kwamba hakukusudia kudanganya, lakini medali haikurudi. Kwetu hakuna bibi asiye na Vicks chini ya mto, na ndiyo maana kisa hiki huwasimulia wachezaji wangu kila ninapowakuta na vidonge walivyopewa na rafiki. Daktari wa michezo hutakiwa kujua tiba na orodha ya marufuku kwa pamoja, na hilo ni zito kuliko watu wanavyodhani.

Kasoro ipo, tena kubwa. Ulinzi wote huu umejengwa kuzunguka siku za mashindano na mazoezi yake rasmi. Timu zinapokwenda kujifua peke yao, kila moja inajipangia kadiri ya uwezo wake. Mfaransa David Poisson alifariki Canada mwaka 2017, Muitalia Matilde Lorenzi akafariki kwao mwaka 2024, na Muitalia mwingine, Matteo Franzoso, Chile mwaka 2025. Wote watatu walianguka wakiwa kwenye mazoezi ya timu. Sisemi kwamba daktari wa ziada angewaokoa, kwa sababu mara nyingi jambo huamuliwa na wavu, uzio na upana wa njia. Tiba ina mpaka wake. Nodar Kumaritashvili wa Georgia aliporushwa nje ya njia ya kijisleji, yaani kitandiko kidogo cha kulalia chali na kuteleza juu ya barafu, huko Whistler, tarehe 12 Februari 2010, waokoaji walimfikia upesi, lakini alikuwa amegonga nguzo ya chuma, na nguzo ya chuma haina dawa. Ninachosema ni kwamba mteremko haujui kama leo kuna medali au hakuna, na kanuni zinazofanya kazi vizuri hivyo siku ya mbio zingefaa kuifuata timu hadi mazoezini.

Kwa siku ya mashindano ninaipa huduma hii alama tisa kati ya kumi. Kwa mazoezi ya timu, nne.

Ile kanuni ya daktari kuthibitisha kabla ya kuanza nimeitafsiri kwa maneno mepesi na kumpelekea katibu wa klabu yetu, nikipendekeza mechi ya nyumbani isianze mpaka machela na chombo cha kumbebea majeruhi viwe vimeonekana kwa macho uwanjani. Amejibu kwamba litaingia kwenye ajenda ya kikao kijacho, na kwamba nije na bei ya machela.