Kipima maji cha vihisi vitano, baada ya miezi 14 mtoni na bwawani

Kichwa kimoja, vihisi vitano: joto, pH, oksijeni iliyoyeyuka, upitishaji umeme na tope. Zamani nilibeba vipima vinne, kila kimoja na betri zake, na mvua ikinikuta sijui nifunike kipi.

Oksijeni peke yake inatosha kunifanya nikisifu. Kihisi chake ni cha mwanga, hakina utando wa kubadilisha, wala huhitaji kukikoroga majini ndipo kisome sawasawa. Usiku mmoja nilikiacha bwawani kikijirekodi kila baada ya dakika 15. Saa tisa alasiri kilisoma miligramu 9.4 kwa lita. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, 2.1! Mwani uliotoa oksijeni mchana juani ndio uliokuwa ukiivuta usiku kucha. Na mimi bwawa hilo nimelipima miaka mingi saa nne asubuhi, nikaandika "salama". Bado inaniuma.

pH inataka malezi. Kioo chake kisikauke, na kikofia kiwe na myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Aliyeniuzia aliniambia maji yaliyokenekwa yanatosha, nikamwamini; kufika mwezi wa tano kihisi kikawa kinachukua dakika tatu kutulia kwenye bafa ya 7 (myeyusho wa majaribio ambao pH yake inajulikana), kisha kikafa kabisa. Ukinunua, nunua na chupa ya myeyusho siku hiyohiyo.

Tope nalo lina mtego wake. Kuna siku kihisi chake kilisoma NTU 60 (NTU ni kizio cha tope) kwenye maji ambayo naona hadi kokoto za chini. Nikakiinua, nikakitazama kwa karibu: kipovu kidogo kama punje ya mtama kimeng'ang'ania kidirisha. Nikakitikisa ndani ya maji, kikaachia. NTU 3.

Upitishaji umeme haujanisumbua hata mara moja. Ukipanda mlimani lakini, rudia ugezi wa oksijeni, yaani kukirekebisha kihisi kisome sawa, hukohuko juu, kwa sababu kanieneo ya hewa imeshuka.

Kwa kazi ya kila wiki sioni cha kukishinda, mradi uwe tayari kukitunza. Daftari langu siku hizi lina safu mbili za ziada: usomaji wa bafa kabla ya kutoka, na baada ya kurudi. Zikipishana zaidi ya 0.2, pH ya siku hiyo siitumii, narudi kupima upya.