Kiti cha kulia: Caravan au L-410?

Marubani vijana wa hapa Lubumbashi wenye leseni ya biashara hubishana kila mara: nani anafika haraka kwenye leseni ya juu, ile ya saa 1500 za kuruka: anayekaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, au kwenye L-410, ya injini mbili?

Kwa hesabu tupu, L-410 inashinda. Ndege hiyo imethibitishwa kwa marubani wawili, basi kila saa ya rubani msaidizi inaingia nzima. Caravan inaruhusiwa kurushwa na mtu mmoja. Ukikaa kulia kwa sababu nchi inadai msaidizi, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinakupa nusu tu ya saa zako, isipokuwa mamlaka ya anga ya nchi ikubali zote kwa ndege yenye vifaa vya msaidizi na inayorushwa kwa utaratibu wa watu wawili. Saa 1000 zinageuka 500. Inauma, hasa ukikumbuka magunia uliyopakia alfajiri pale Luano, uwanja wetu wa ndege.

Gharama: L-410 inataka mafunzo ya aina yake, na bili mara nyingi inakuangukia wewe.

Lakini tazama safu ya kamanda, yaani rubani mkuu, kwenye kitabu chako cha saa za kuruka. Leseni ile inadai pia saa 250 za ukamanda, au 500 chini ya usimamizi wa kamanda. Msaidizi wa kawaida wa L-410 anaweza kujaza kurasa na safu hiyo ikabaki nyeupe. Caravan huhamisha watu kushoto, kiti cha kamanda, mapema zaidi, na huko saa haikatwi.

Una 250 tayari? Nenda L-410. Huna? Mimi ningeuliza kwanza: kampuni inapandisha watu baada ya muda gani, na nani anasaini saa za usimamizi?