TAHADHARI: Shokapu "mpya" za kunyanyulia Hilux zinazouzwa hapa Arusha ni kuukuu zilizopakwa rangi

Wakuu, salaam. Nimesubiri siku nne hasira ipoe ili niandike yale tu niliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono yangu. Hapa mjini kuna mtu anauza seti za kunyanyulia Hilux, Surf na Prado. Anasema ni mpya, za kontena, zimetoka Dubai. Mimi amenipiga shilingi 1,350,000. Hela inauma, lakini kilichonikalisha chini niandike ni kwamba shokapu yake moja ilinikatikia porini nikiwa na mke wangu na watoto wawili ndani ya gari.

Gari yangu ni Hilux Vigo ya 2012, dabo kebini. Siku za kazi inapeleka watoto shule na kubeba chakula cha kuku kutoka Kilombero hadi nyumbani Moshono. Wikendi ndiyo inatutoa mjini: Monduli Juu, Longido, Eyasi, Natron. Nimekuwa nikiitengeneza mwenyewe uani, kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoruhusu. Keria nilichomelea mwaka jana, nikafunga betri ya pili, nikaweka tairi za AT (za lami na porini). Kilichobaki kilikuwa kuinua inchi mbili, kama milimita 50, basi. Gari ambayo Jumatatu inarudi kwenye lami na kubanana na daladala haihitaji zaidi ya hapo. Ukiipandisha sana, inayumba kwenye kona, breki inabadilika, na jointi za mbele zinakula kabla ya wakati wake.

Tangazo lake lilikuwa na picha nzuri. Shokapu nne za njano zinazong'aa, springi mbili za mbele, majani mawili ya kuongeza kwenye springi za nyuma, na spesa mbili (vipande vya kuweka juu ya shokapu za mbele ili gari inyanyuke), vyote vimepangwa juu ya sakafu ya vigae vyekundu. Kigae kimoja kina ufa unaokata kona. Ushikeni huo ufa, nitaurudia.

Nilipompigia aliongea kwa adabu sana. "Bosi wangu, hii ndiyo seti ya mwisho, kuna mteja wa Karatu ananisumbua tangu asubuhi, yeye anataka kutuma hela yote saa hii. Lakini wewe umeanza, nakuheshimu." Nikamwambia mdogo wangu, mimi silipi kitu sijakiona, nielekeze ulipo. Akasema stoo iko Unga Limited. Nikaenda. Nilipofika akasema mwenye funguo yuko Moshi msibani, ila angenifuata na mzigo jioni nikitanguliza 500,000 ya kuushikilia. Hapo ndipo nilipokosea. Nilituma. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha lilikuwa la mwanamke, na yeye aliniambia ni laini ya mke wake.

Alikuja kweli, saa moja usiku, tukakutana sheli. Maboksi meupe yamefungwa mikanda ya plastiki, yote yamenyooka kama ya dukani. Nilifungua moja chini ya taa. Shokapu inang'aa, stika iko, harufu ya rangi mpya. Nikaona mtu aliyeleta mzigo hawezi kuwa tapeli, nikamalizia hela. Wengi tunajua tapeli ni yule anayekula advansi na kuzima simu. Huyu analeta mzigo, na ndiyo maana watu wanaendelea kumpa hela. Risiti alinipa ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, haina mhuri wala TIN. Nilipouliza ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, akasema mashine imeharibika.

Jirani yangu ni mzee aliyeendesha watalii miaka mingi, na ndiye tunayesaidiana naye kila ninapolala chini ya gari. Cha kwanza alichoshika ni zile spesa. Akaweka rula: milimita 50. Akatikisa kichwa. Shokapu ya mbele ya Vigo haikukaa kwenye gurudumu, imekaa kama katikati ya mkono wa chini. Kwa hiyo kipande cha milimita 25 ukikiweka juu yake kinalisukuma gurudumu chini karibu milimita 50. Ukiweka cha 50 unapata karibu 100, na hapo draivu shafti za mbele zinakaa upande mno, boljointi zinavutwa mpaka mwisho, na alaimenti hairudi hata ufanyeje. Spesa tukaziweka kando. Mzee akaniambia, "Mwanangu, mtu asiyejua spesa atajuaje shokapu?" Nikamjibu kwamba shokapu zimetoka kwenye boksi, hazina neno. Natamani ningemsikiliza.

Tukafunga. Wiki tatu za mjini gari ilikuwa ngumu, imetulia, na mimi nikafurahi nikidhani ndiyo ubora wenyewe. Sasa najua ugumu ule ulitoka wapi.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri kuelekea Natron kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu. Baada ya Engaruka barabara ilikuwa imejipanga mawimbi kama bati. Shokapu kwenye njia ya namna hiyo hazipumziki hata sekunde. Oili ndani inachemka, na shokapu nzima huhimili kwa sababu gesi inaizuia oili isifanye povu. Gari yangu ilianza kuyumba kwa nyuma, kama mtu anaisukuma kwa bega. Nikapunguza mwendo. Mke wangu akasema anasikia harufu ya oili iliyoungua. Kabla sijasimama ukasikika mlio, chuma kwa chuma, na gari ikakaa upande.

Niliposhuka nikaona shokapu ya nyuma kushoto imekatika kwenye pete ya chini. Kipande kilichobaki kilikuwa kinaning'inia na kupiga sentimita chache kutoka kwenye paipu ya breki. Nikaishika ile paipu kwa vidole kuona kama imekwaruzwa. Ilikuwa nzima. Watoto walikuwa wanauliza kama tumefika. Niliifungua shokapu yote nikaitupa nyuma, tukageuza, tukarudi mpaka Mto wa Mbu kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, tukaingia usiku.

Kesho yake nyumbani mzee alichukua kitambaa, akakilowesha petroli, akaanza kuisugua. Rangi ya njano ikatoka kama unga kwenye kitambaa. Chini yake kulikuwa na rangi nyeusi, na chini ya nyeusi kutu. Njano ilikuwa imepita mpaka juu ya raba za bushi, kitu ambacho kiwanda hakiwezi kufanya kwa sababu bushi huingizwa mwishoni. Tukabandua stika. Pale palipokuwa na namba ya kiwanda pamesagwa kwa grainda, mikwaruzo inaonekana yote imeelekea upande mmoja. Fito lile la kromu linaloingia na kutoka lilikuwa na vishimo vidogo ambavyo jicho linavipita, lakini ukipitisha ukucha unakwama. Vishimo hivyo ndivyo vinavyokata sili, oili inavuja.

Halafu tukaona tundu. Ubavuni, karibu na chini, kuna kitone cha kulehemu kimesawazishwa na kupakwa rangi. Walikuwa wametoboa, wakamimina oili, wakaziba. Iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito, oili ya injini. Ikiwa baridi inakuwa ngumu, ndiyo maana mjini nilijisikia nimepata shokapu bora. Ikipata moto inalegea, na gesi haipo, ilitoka siku walipotoboa. Pete iliyokatika nayo ilikuwa imechomelewa upya, sehemu ya chomeleo haikuingia ndani hata nusu. Tuliangalia zile nyingine tatu: mbili zina tundu lile lile, moja haina tundu lakini ukiisukuma kwa mkono inaingia bure nusu ya safari ndipo inakaza. (Tafadhali, msizikate kwa grainda kuona ndani. Shokapu ya gesi nzima ina mgandamizo na inaweza kukuumiza vibaya.)

Nilimpigia. Kwanza akasema nimepakia mzigo mwingi. Nikamtumia picha ya tundu. Akasema ni "kiwanda kinafanya hivyo siku hizi". Nikamwambia narudisha mzigo anipe hela yangu, akanikatia, na tangu hapo simpati. Kupitia watu nimewapata wengine wawili. Mmoja yuko Usa River, alifunga za Prado, zake zilivuja kabla ya mwezi. Mwingine yuko Moshi, yeye aliuziwa tairi nne. Zile tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya kiwanda ubavuni mwa tairi), ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, zilikuwa zimesagwa na kugongwa upya kwa moto. Aligundua kwa sababu tairi moja ilibaki na tarehe yake ya zamani upande wa ndani: 2213, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2013. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado ikapasuka, raba imeshakufa.

Namba zake na jina alilonipa siandiki hapa. Shauri liko polisi na RB (namba ya kumbukumbu ya polisi) ninayo, na tena laini anabadilisha kila mara. Mjueni kwa mwenendo wake. Bei iko chini sana kuliko maduka ya spea na siku zote ni "seti ya mwisho". Duka halionekani, stoo ina mwenye funguo aliyesafiri. Anataka advansi, na jina la laini si lake. Mkutano ni jioni giza likiingia, na ana haraka, anakwambia bodaboda anamsubiri.

Kama bado unataka kununua kwa mtu, yeye au mwingine, kataa kukutana usiku. Nenda na kitambaa na petroli kidogo kwenye chupa, sugua sehemu moja mbele yake. Anayeuza kitu kipya hatakuzuia. Pitisha ukucha kwenye fito lote, si sehemu ya juu tu. Chunguza bushi kama zina rangi. Shokapu ya gesi, ukiisukuma mpaka mwisho na kuiachia, inajinyoosha yenyewe polepole, na ndiyo sababu mpya huja zimefungwa ukanda. Ikibaki pale ulipoiacha na yeye amesema ni ya gesi, mrudishie. Spesa zipime kwa rula na uulize fundi anayezijua IFS za Toyota (mfumo wa mbele ambao kila gurudumu linacheza peke yake) kabla hujazifunga. Na dai risiti ya EFD. Ni wajibu wako kisheria kuidai, na bila hiyo nilipofika kituoni sikuwa na cha kuonyesha malipo isipokuwa meseji na kile kikaratasi cha kalamu.

Kwa mliokwisha kufunga seti ya njano ya aina hii, naomba sana msisubiri ivuje. Ifungueni leo hii mtazame ubavuni karibu na chini, petroli na kitambaa vinatosha. Ukikuta kitone cha kulehemu, usiende nayo hata Kisongo. Zangu nne ziko stoo kwangu na sitazitupa, polisi wamesema niziweke. Yeyote anayetaka kulinganisha na zake aniambie tupange, aje azishike.

Jana jioni nimeona tangazo jipya. Jina jingine, namba nyingine, safari hii seti ya Prado, shokapu zimepakwa nyekundu. Sakafu ni ile ile ya vigae vyekundu, na kigae kile kina ufa wake kwenye kona. Kama umemtumia advansi wiki hii, usimpigie kumgombeza, atajua umeshtuka na atazima laini. Piga simu mtandao wako kwanza uombe muamala usimamishwe, tuma namba yake kwenda 15040, kisha nenda kituoni ukiwa na meseji zote. Usifute hata moja, pamoja na ile ya "bosi wangu".