Tahadhari: Muuzaji wa Manukato Bandia ya Waridi Mtandaoni

Ndugu zangu, hasa mlioko Dar es Salaam, nawatahadharisha juu ya muuzaji wa mtandaoni ambaye tangu joto la kaskazi lianze amekuwa akitangaza manukato mepesi ya waridi kutoka Ufaransa, chupa ya mililita 100 kwa shilingi 65,000, ilhali dukani nilikoulizia baadaye chupa kama hiyo inauzwa shilingi 280,000.

Nilitakiwa kulipa fedha yote kwanza, kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lisilohusiana kabisa na jina la duka. Jioni kijana wa bodaboda aliniletea boksi lililofungwa vizuri kwa nailoni, na juu yake kikaratasi kilichopuliziwa, ambacho kilinukia waridi bichi lenye ndimu kwa mbali, kama ua lililochumwa kabla jua halijapanda. Hicho ndicho kilichonihadaa, kwani nilikinusa, nikaridhika, nikamruhusu kijana aende zake. Nilipojipulizia kutoka kwenye chupa yenyewe ilinijia harufu ya spiriti, kisha utamu mzito kama wa sabuni ya kufulia, na baada ya dakika kumi hivi hakikubaki kitu shingoni isipokuwa mafuta yanayonata. Asubuhi niliamka na vipele.

Nilipolalamika alinijibu hivi: "Dada, haya ni mepesi, hayadumu." Baada ya hapo akanifungia mawasiliano. Naomba mlizingatie jibu hilo, kwa sababu ameuficha uongo wake ndani ya jambo la kweli. Manukato mepesi hayakai sana, na joto letu huyamaliza mapema zaidi, lakini yaliyo halisi hubadilika kwa utaratibu: huanza na ndimu au chungwa, waridi likafuata, na hata baada ya muda wa saa tatu au nne bado utakuta harufu laini imebaki kwenye nguo. Sisi tuliokua tukirushiwa marashi ya waridi kwa mrashi kwenye maulidi tunaijua harufu hiyo, na inaniuma kuona inatumiwa kuwaibia watu.

Tangazo lake linadai pia kwamba ni mafuta ya waridi asilia matupu. Kilo moja ya mafuta hayo huhitaji takriban tani 3 hadi 5 za petali, yawe ya Bulgaria, Uturuki au Taif kule Saudi Arabia, kwa hiyo bei yake pekee inamsuta. Hata watengenezaji wakubwa huchanganya waridi na viungo vya maabara, na hilo si kosa maadamu hawamdanganyi mnunuzi.

Boksi langu lina namba ya toleo, lakini chini ya chupa hakuna namba yoyote, wakati kwa kawaida namba hizo huwepo pote pawili na hulingana. Msilipe kabla ya kufungua boksi mbele ya aliyelileta na kupulizia kutoka kwenye chupa yenyewe, na kikaratasi msikitegemee.

Chupa, boksi na ujumbe wa malipo nimevihifadhi kwa ajili ya malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani, inayoshughulikia bidhaa bandia. Suala la vipele nitalipeleka TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi. Kama nawe uliuziwa, tafadhali usiitupe chupa yako.